Mashahidi wa Kunipeleka Shule

Jumamosi moja asubuhi jirani yangu, kijana mwenye duka la mabati na misumari, alikuja kwangu akiwa amemshika binti yake mkono. Alitaka nimwandikie mtoto huyo barua ya kumwombea nafasi katika shule ya binafsi, kwa sababu nimefundisha chuoni miaka mingi na, kwa maneno yake, sahihi yangu ina uzito. Hata kabla sijamkaribisha kiti alikuwa ameshaanza. Mtoto huyu, Mama, ndiye wa kwanza darasani tangu aanze. Mtoto huyu husoma gazeti akalimaliza. Mtoto huyu walimu wenyewe wanamwogopa. Binti alisimama katikati ya sebule akila andazi, anasikiliza sifa zake kama mtu anayesikiliza bei ya sukari. Nilitamani kumwambia yule baba anyamaze, nilitamani kufunga madirisha. Badala yake nikajikuta namwambia mtoto, kwa ukali ambao sikuukusudia, "Mbona gauni lako limepauka hivyo, hamna sabuni kwenu?" Baba yake alicheka kwa haya. Hakujua kwamba nilikuwa namkinga binti yake, kwa namna pekee niliyofundishwa kumkinga mtoto.

Nimezaliwa Usukumani, upande wa Kishapu, mwendo wa asubuhi nzima kwa miguu kutoka Mhunze, katika kaya iliyozungushiwa minyaa. Ni nchi kavu, ya pamba na ng'ombe. Wakati wa mavuno pamba ililundikwa ndani ya nyumba mpaka ikagusa boriti, tukawa tunalala juu yake, na hadi leo nikipita karibu na gunia la pamba mbichi, ile harufu ya vumbi lenye mafuta ya mbegu hunirudisha mahali ambapo miguu yangu haikuwa na viatu. Baba hakuwa nasi muda mwingi. Alikuwa Geita, mgodini, chini ya ardhi, akitafuta dhahabu ambayo sikuwahi kuiona hata chembe. Alirudi nyumbani mara chache, akileta Kiswahili chake cha mgodini, sabuni ya harufu, na kikohozi.

Mama alikuwa amezika watoto watatu kabla yangu. Nilipozaliwa, wanawake walifanya kile ambacho hufanywa katika nyumba iliyonyang'anywa mno. Walinichukua, bado sijakauka vizuri, wakanilaza juu ya jalala nje ya zizi, kwenye majivu na mavi ya ng'ombe, kisha wakaondoka. Jirani yetu, Mama Shija, akapita hapo kana kwamba ametokea tu kwa shughuli zake. Akaniokota, akaja nami mlangoni akabisha hodi. "Nimeokota kitu huko jalalani," akasema kwa sauti ili yeyote anayesikiliza asikie. "Sijui kama mnakihitaji." Mama akajibu kutoka ndani kwamba hana haja nacho, lakini kiachwe tu, huenda siku moja kitafaa kufukuzia kuku. Hivyo ndivyo nilivyoingia nyumbani kwetu. Mauti, popote yalipokuwa yamejibanza, yalipaswa kusikia kwamba katika nyumba ile hamkuwa na kitu cha thamani cha kuchukua.

Tangu siku hiyo hakuna mtu wa kijiji kile aliyewahi kunisema vizuri nami nikisikia. Hakuna mtoto yeyote aliyesifiwa kwetu, lakini mimi nilisifiwa kidogo kuliko wote. Sifa zilikuwa za msibani. Mtu akishafukiwa, watu wakikaa kwenye ngozi na mikeka, ndipo ungesikia kwamba marehemu alikuwa mkarimu, kwamba mkono wake ulikuwa mwepesi kwa jembe, kwamba hakuwahi kumpita mgonjwa bila kuingia. Nikiwa mtoto nilichukulia kwamba hiyo ndiyo kanuni ya maisha: watu huwa wazuri wakishakufa, kama viazi vitamu ambavyo utamu wake hukolea vikishakatwa na kuanikwa juani vikawa michembe. Sikuona ubaya wowote. Nilidhani tu kwamba zamu yangu ya kuwa mzuri ilikuwa bado mbali.

Nilikuwa na kipaji kimoja, na leo naweza kukitaja bila kugeuka kutazama nyuma yangu. Nilichosikia mara moja hakikutoka. Mchungaji akihubiri Jumapili, Jumatatu niliweza kusimama kisimani na kuyatoa mahubiri yote tangu salamu hadi baraka, pamoja na pale alipokohoa. Niliweza kumwiga mwanangwa, mkuu wetu wa kijiji, alivyoongea kwenye mkutano wa pamba, hadi kile kitambo alichonyamaza akipapasa kiuno kutafuta ugoro wake. Wanawake walicheka mpaka wakatua mitungi. Kisha walifuta machozi ya kicheko na kusema, "Kasuku huyu, hana kazi kwao?"

Shule yetu ya kijiji iliishia darasa la nne. Msichana akimaliza hapo, kilichomngoja kilijulikana, na kwangu kilikuwa kimeshaanza kubisha hodi: mzee mmoja wa kijiji cha pili, mwenye ng'ombe wengi, alikuwa ametuma mtu kuulizia. Mama alimjibu mjumbe huyo kwamba nina kifua kibovu na kwamba hadhani kama nitazaa. Nilimsikia nikiwa jikoni. Nilijishika kifua, nikakohoa kidogo kujipima, nikaogopa kwa siku kadhaa.

Mwalimu wetu, kijana wa Kizinza aliyetoka upande wa Geita, aliitwa Yeremia. Alikuwa na baiskeli na shati moja jeupe alilolifua kila jioni. Siku moja alikuja nyumbani baada ya masomo, akaegemeza baiskeli kwenye minyaa, akamwamkia mama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ameiba nini?"

"Hajaiba, mama. Nimekuja kwa habari ya shule. Kuna shule ya wasichana ya misheni, ya bweni, kule ziwani. Wanachukua wachache sana. Mtoto huyu asipokwenda kule, mimi nitakuwa nafundisha bure."

"Huyu?" Mama alinitazama kama mtu anayetazama chungu kilichopasuka. "Huyu hata ugali unamshinda kusonga."

Mwalimu alicheka. Alidhani ni unyenyekevu. Akaeleza kwamba yeye mwenyewe ataandika habari za masomo yangu, lakini hilo halitoshi. Mkuu wa shule ile, mwanamke wa Kizungu ambaye wanafunzi walimwita Bibi Mkuu, hakuamini tena barua za kusifu watoto. Alikwisha kugundua kwamba nyingi ziliandikwa na karani mmoja tu wa sokoni Shinyanga, kwa maneno yale yale, watoto wote wakiwa na bidii na heshima sawasawa. Sasa alikuwa akisafiri mwenyewe wakati wa kiangazi, kijiji kwa kijiji, kuwasikia watu waliomjua mtoto tangu kuzaliwa.

"Atakuja hapa?" mama akauliza.

"Hapa hapa, uani kwako."

"Na atauliza mbele ya watu?"

"Mbele ya watu, mama. Ndiyo vizuri, kila mtu asikie."

Mama aliinama akaendelea kupeta mtama, lakini ungo ulikuwa hauendi sawa, na punje zikawa zinamwagika pamoja na makapi. Mwalimu aliponiaga aliniambia, kwa Kiswahili ili nijione mkubwa, "Usiogope. Siku hiyo utasikia watu wote wakieleza uzuri wako." Nililala juu ya pamba nikiyarudia maneno hayo kwa sauti yake. Nilikuwa na hamu ya kujua huo uzuri ni upi.

Bibi Mkuu alifika kwa gari la misheni, vumbi likimtangulia. Alikuwa mrefu, mwenye kofia ya ukili na pua iliyobambuka kwa jua. Alishuka akawaamkia akina mama kwa Kisukuma, "Mwangaluka, bamayu," kwa lafudhi safi kabisa, na wanawake wakapiga vigelegele. Alikuwa ameishi Usukumani miaka mingi. Mwalimu Yeremia alipojitolea kumfasiria, alimshukuru akasema haina haja. Kwa hiyo karibu yote yaliyosemwa siku ile yalisemwa kwa Kisukuma, naye aliyaelewa yote, neno kwa neno.

Nilikuwa nimeogeshwa, nikapakwa samli, nikaketishwa kwenye mkeka mbele ya watu. Baba alikuwa amepata ruhusa akaja kwa lori kutoka Geita, na alikataa kuvua buti zake za mgodini ingawa joto lilikuwa kali. Mwanangwa alikaa kwenye kigoda. Mama Shija alikaa chini, miguu ameinyoosha. Mama alikaa karibu na mlango, nusu yake ikiwa ndani ya kivuli.

Bibi Mkuu alimwomba mwanangwa aanze.

"Bibi," akasema mwanangwa, "umetoka mbali, kwa hiyo nitasema kweli. Mtoto huyu ni mvivu. Ukimtuma maji asubuhi, jioni anakuletea nusu mtungi na hadithi nzima." Watu wakacheka. Akapata nguvu. "Na mdomo! Lango la zizi langu limeoza, lakini lina afadhali, maana mara moja moja hufungika."

"Ana akili?" akauliza Bibi Mkuu.

"Akili ya nani? Ya kuku? Hiyo anayo."

Bibi Mkuu akamgeukia Mama Shija, kwa kuwa alikuwa ameambiwa kwamba huyo ndiye aliyenipokea duniani.

"Mimi ndiye niliyemwokota," akasema Mama Shija. "Laiti ningejua, ningepitia njia nyingine. Tazama miguu hiyo, Bibi. Korongo wanaililia."

"Huwasaidia wazee?"

"Sana. Huwasaidia kula."

Kicheko kikazunguka ua mzima. Hata wanawake wa kisimani waliosimama nyuma walidakiza, huyu akisema mimi ni mwizi wa karanga, yule akisema nalala kama gogo. Nilimtazama kila mmoja usoni nikingoja afike kwenye ule uzuri. Hawakufika. Na katika akili yangu ya utoto maelezo yakajipanga yenyewe, mepesi na ya kutisha: walikuwa wanalipiza. Nilikuwa nimemwiga mwanangwa na ugoro wake, nilikuwa nimemwiga Mama Shija anavyobembeleza mbuzi, na wote walikuwa wameiweka hasira yao moyoni wakingoja siku atakapokuja mtu wa kuwasikiliza. Niliinamisha kichwa. Samli ilikuwa inaniyeyukia shingoni.

Ndipo baba akasimama. Aliongea Kiswahili, sijui kwa nini, labda kwa sababu mambo ya aina hiyo alikuwa amejifunza kuyasema huko alikokuwa. "Bibi, mimi mgodini nimekaa na watu wa kila kabila. Nimeona watoto wa makarani, nimeona watoto wa mapolisi. Lakini mtoto kama huyu binti yangu, kwa akili, sijapata..."

"Shii! Shii!" Mama aliruka kutoka mlangoni akipiga makofi. "Kuku! Kuku wanamaliza mtama! Shii!"

Hapakuwa na kuku. Hapakuwa na mtama. Mama alizunguka ua akifukuza hewa, akapiga kelele mpaka baba akanyamaza, akamtazama, kisha akaketi polepole na kuangalia buti zake.

"Mama," akasema Bibi Mkuu, sauti yake sasa ikiwa na uchovu, "na wewe unasemaje juu ya mtoto wako?"

"Mimi sina la kuongeza. Umeshasikia."

"Lakini wewe ndiye uliyemzaa."

"Ndiyo bahati yangu mbaya."

Watu wakaguna kwa kuridhika, kama wanavyoguna wimbo ukiisha vizuri. Bibi Mkuu akainuka, akakung'uta vumbi kwenye sketi yake. Alisema kwa upole kwamba anawashukuru kwa kusema kweli. Alisema shule yake ni ngumu, wasichana hulia sana miezi ya mwanzo, na kinachowashikilia wasitoroke ni kujua kwamba nyumbani wapo wanaowaamini. Mtoto ambaye hata mama yake hana neno jema la kumpa, asingependa kumtesa. Mwalimu Yeremia alimfuata akimsemesha kwa Kiingereza, kwa haraka, akijikwaa. Yeye akamkatiza kwa Kisukuma ili kila mtu asikie: "Mwalimu, Kisukuma nakielewa."

Yaliyofuata kati ya Mwalimu na mwanangwa sikuyasikia. Mwalimu alinisimulia baadaye, nilipokuwa mtu mzima naye akiwa mzee. Alimvuta mwanangwa kando ya zizi akamwambia, "Mzee, mmemmaliza mtoto!" Mwanangwa akashangaa kwa dhati. "Tumemmaliza? Ulitaka tumtaje mchana kweupe, mbele ya mgeni, watu wote wanasikia? Mama yake ana makaburi matatu pale nyuma. Ninyi Wazinza kwenu hamfi?" Mwalimu alikiri kwamba kwao pia walikuwa wakifa, na kwao pia mtoto hakutajwa. Alikuwa tu amedhani kwamba kwa ajili ya shule watu wangesahau.

Mimi nilichoona ni mama akimfuata Bibi Mkuu mpaka kwenye gari. Alimfunga njia, kwa adabu, mikono ameikunja tumboni.

"Bibi," akasema, "umefika kwangu, na unaondoka hujawaona watoto wangu."

Bibi Mkuu alisita na mkono wake kwenye mlango wa gari. Mama akageuka akatangulia, akiamini kwamba atafuatwa, naye akafuata. Mimi nikaenda nyuma yao kwa kuwa hakuna aliyenikataza. Walipita ghala, wakapita mahali tulipofukizia vibuyu vya maziwa, wakafika kwenye minyaa ambapo mawe yalikuwa yamepangwa kwa duara, mafungu matatu. Nilipajua mahali pale. Nilikatazwa kuchezea hapo, na mara nyingi nilimwona mama akiyang'olea majani yale mawe.

Mama alisimama, akabadilisha sauti. Nasema alibadilisha kwa sababu mimi, niliyezijua sauti za watu wote wa kijiji, niliijua ile kuwa sauti ya msibani, ile ya wanawake wanaoketi kwenye ngozi kumweleza aliyetangulia. Aliinua mkono juu ya fungu la kwanza.

"Huyu ni wa kwanza wangu. Huyu, Bibi, alikuwa na sikio. Mchungaji akihubiri Jumapili, Jumatatu yeye anahubiri yote, hata kikohozi cha mchungaji hakiachi. Sijaona mtu mwenye sikio kama lake, si kwetu, si kwa wakwe zangu."

Akasogea kwenye fungu la pili. "Huyu ni akili. Mwalimu alikuwa akiandika hesabu za wakubwa ubaoni, yeye kwenye benchi la wadogo anajibu kabla ya wakubwa. Usiku nikizima moto, namsikia anahesabu kwa kunong'ona, anadhani nimelala. Sikulala. Nilikuwa namsikiliza."

Kwenye fungu la tatu aliinama kwanza, akang'oa jani kati ya mawe. "Na huyu ni moyo. Mwaka niliougua homa, baba yao yuko Geita, huyu alichota maji, akapika uji, akaninywesha kwa kijiko kama mimi ndiye mtoto. Akakaa mlangoni kufukuza watu wasije kunichosha. Wala hakumweleza mtu. Hata mimi mwenyewe sijamwambia kwamba nilijua."

Akashusha mkono. "Hao ndio watoto wangu, Bibi. Wazuri wote wamelala hapa. Huyo aliyebaki umemsikia."

Nilikuwa nimesimama nyuma yake kidogo, na ninakumbuka vizuri jinsi kila neno lilivyoniingia. Sikuwahi kujua. Siku zote niliambiwa kwamba ninao kaka wawili na dada mmoja walionitangulia, na kwa kuwa walinitangulia niliwaza kwamba ni wakubwa, warefu, wenye sauti nzito. Sasa nikaelewa, au nilidhani nimeelewa, kwamba chochote nilichojivunia kimyakimya kilikuwa chao kwanza. Yale mahubiri niliyoyatoa kisimani, kaka yangu aliyatoa vizuri zaidi. Ule uji niliompikia mama, dada yangu alikwisha kuupika kabla yangu, na ndio uliokumbukwa. Mimi nilikuwa nimeokotwa jalalani na kupewa mabaki. Niliona wivu mkali juu ya yale mawe. Nilitamani kulala pale chini nami nisemwe hivyo.

Bibi Mkuu hakuwa akimtazama mama. Alikuwa akitazama mafungu ya mawe. Yalikuwa mafupi. Hakuna hata moja lililozidi urefu wa mkono wake, na la mwisho lingefunikwa na kofia yake. Aliyatazama moja baada ya jingine, kisha akarudi kuyatazama tena, na uso wake ukaanza kubadilika taratibu kuanzia kwenye midomo. Alivua kofia. Nywele zake zilikuwa zimelowa jasho, zimeganda kichwani.

Aliposema, alisema kwa Kisukuma, polepole, kama mtu anayeijaribu lugha kwa mara ya kwanza.

"Mama. Watoto hawa wazuri siwezi kuwachukua. Nakuachia, wabaki kwako. Mimi nipe huyo asiyefaa kitu."

Mama alikuwa amenishika bega. Sijui alinishika lini. Vidole vyake viliingia kwenye nyama mpaka nikataka kulia.

"Mchukue," akasema. "Atakusumbua."

"Nimeambiwa."

"Ni mvivu."

"Nimesikia."

"Hana shukrani. Hata ukimfanyia wema, hatakuambia."

"Basi tutavumiliana," akasema Bibi Mkuu, na akavaa kofia yake haraka, akaishusha mbele mpaka macho yasionekane.

Niliondoka mvua zilipoanza, juu ya lori la pamba, nikiwa na sanduku la bati ambalo baba alilituma kutoka Geita. Watu wa kijiji walinisindikiza hadi barabarani wakinikebehi kwa furaha. Mwanangwa alisema afadhali sasa kisima kitapata utulivu. Mama Shija alinipa mfuko wa michembe akasema ni kwa ajili ya njiani, maana kwa ulafi wangu nisingefika. Mama alisimama upande wa pili wa barabara, mikono ameifunga kifuani. Lori lilipowashwa alisema, "Nenda bwana, nipumzike." Niliyabeba maneno hayo mpaka ziwani, nikiyarudia kwa sauti yake, kila kipande cha barabara, nami nikiyaamini.

Wasichana kweli hulia miezi ya mwanzo. Mimi sikulia. Nilisoma kwa ukaidi wa mtu aliyechukuliwa kwa sababu wale bora hawakupatikana. Na nilipoulizwa habari za kwetu sikujitaja mimi, niliwataja ndugu zangu. Jioni moja ya Jumamosi tulikuwa tukifua kwenye mawe ya ziwani, mimi na Eunike, msichana wa Ukerewe ambaye ulimi wake haukumwogopa mtu. Aliniuliza kwetu tuko wangapi. Nikamweleza kwa fahari, kwa maneno yale yale ya mama na kwa sauti ile ile, juu ya kaka yangu wa kwanza, aliyeweza kuyatoa mahubiri yote pamoja na kikohozi cha mchungaji.

"Loo," akasema Eunike. "Alikufa akiwa darasa la ngapi?"

"Hakusoma. Alikuwa hajaota meno."

Eunike aliacha kufua. "Alihubiri kwa fizi?"

Akacheka mpaka akakalia maji. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshika nguo yangu iliyojaa povu.

"Haya, na huyo wa hesabu?" akauliza, akijifuta macho. "Naye?"

"Huyo hakumaliza siku arobaini," nikasema. Nilisikia sauti yangu mwenyewe ikisema, si ya mama, si ya mtu yeyote. "Na dada yetu hakuwahi hata kulia. Alizaliwa ameshakwisha."

Eunike alinitazama kitambo. Kicheko kilikuwa bado mdomoni mwake, lakini hakikujua pa kwenda.

"Sasa wewe," akasema, "huo uji wa mama yako aliupika nani?"

"Mimi," nikamjibu.